Pajak ni soko: watu, koo na lugha katika mji wa Medan, Indonesia

1. Swali

Kila mwanafunzi wa kitivo chetu amewahi kuandika katika karatasi ya mtihani kwamba lugha ndiyo chombo kinachobeba utamaduni. Tukishaandika hivyo, mara nyingi tunaongeza kwamba mji mkubwa ni kaburi la lugha, na kwa hiyo ni kaburi la utamaduni pia. Hoja hiyo inatugusa wenyewe. Wengi wetu tuliozaliwa Lubumbashi tunasema Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni. Kiluba, Kibemba, Kilunda au Kisanga cha bibi tunakisikia, tunakielewa nusu, na tukiulizwa swali tunajibu kwa Kiswahili. Je, kwa kufuata hoja ya mtihani, sisi ni watu wasio na urithi?

Katika makala hii nataka kulipima swali hilo mbali na nyumbani, katika mji wa Medan, kaskazini mwa kisiwa cha Sumatra. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni mji wa makabila mengi, na hakuna hata moja lenye watu wa kutosha kuyameza mengine. Pili, ulikuzwa na kampuni zilizohitaji mikono ya watu kutoka mbali, kama ulivyokuzwa mji wetu. Tatu, lugha inayouunganisha ina historia ya karibu sana na ile ya Kiswahili: lugha ya pwani na ya biashara ambayo imekuwa lugha ya taifa, na ambayo kila mji unaisema kwa namna yake.

2. Kijiji, jani la tumbako na mchikichi

Leo Medan ni mji mkubwa kuliko yote ya Indonesia iliyo nje ya kisiwa cha Java. Sensa ya 2020 ilihesabu watu zaidi ya milioni 2.4. Siku rasmi ya kuzaliwa kwake ni tarehe 1 Julai 1590, kwa kumkumbuka Guru Patimpus, mtu wa kabila la Karo anayesemekana kuanzisha kijiji mahali ambapo mito ya Deli na Babura inakutana. Jina lenyewe lina maelezo zaidi ya moja. Wengine wanalitoa katika Kikaro, kwa maana ya kupona. Wengine wanalitoa katika Kimalay, ambamo *medan* ni uwanja. Neno hilo la pili tunalo na sisi: ni *medani*, tunaposema medani ya vita. Kimalay na Kiswahili vimelichota katika kisima kimoja, Kiarabu.

Mwaka wa 1823 Mwingereza John Anderson alipopita huko alikuta kijiji cha watu kama 200. Kilichokigeuza kijiji hicho ni jani. Mwaka wa 1863 Mholanzi Jacob Nienhuys alifika katika nchi ya Sultani wa Deli, akapanda tumbako, na ikaonekana kwamba jani la Deli ni jembamba, laini na lenye kunyumbulika, linalofaa kabisa kufungia sigara kwa nje. Mwaka wa 1869 ikaundwa kampuni ya Deli Maatschappij. Mashamba yakaenea, reli ikafuata, na mwaka wa 1909 serikali ya Waholanzi ikaipa Medan hadhi ya manispaa. Mwaka mmoja baadaye, 1910, Wabelgiji walianzisha Elisabethville, ambayo leo tunaiita Lubumbashi. Miji hii miwili ni ya rika moja.

Kuna uhusiano mwingine ambao wachache wanaujua. Baada ya tumbako, utajiri wa nchi za kuzunguka Medan ulitoka katika mpira na katika mawese. Mchikichi si mti wa Asia, ni mti wetu wa Afrika. Miche minne ilipandwa katika bustani ya Bogor, kisiwani Java, mwaka wa 1848, na uzao wake ukapelekwa Deli. Aliyeanzisha mashamba ya kwanza ya biashara ya michikichi huko Sumatra, mwaka wa 1911, alikuwa Mbelgiji Adrien Hallet, aliyekuwa amefanya kazi Kongo kabla ya hapo. Leo Indonesia inaongoza duniani kwa mafuta ya mawese, na sisi tuliowapa mti tunanunua mafuta kutoka Asia.

3. Waliokuwepo, walioletwa na waliokuja

Wenyeji wa pwani ni Wamalay, na wenyeji wa milima ya nyuma ni Wakaro. Hao wote hawakutaka kazi ya shambani kwa masharti ya Mzungu. Kwa hiyo Nienhuys na wenzake walitafuta vibarua Wachina, kwanza kutoka Penang na Singapore, halafu moja kwa moja kutoka China. Baadaye wakaletwa Wajava kwa maelfu. Watamil wa kusini mwa India nao walikuja, wengine kwa kazi ya mikono na magari ya ng'ombe, wengine kwa biashara ya fedha.

Hali ya vibarua hao tunaweza kuielewa bila maelezo mengi. Sheria ya 1880 ilimpa mwenye shamba nguvu ya polisi na mahakama: kibarua aliyetoroka kabla ya mkataba kwisha alikamatwa, akaadhibiwa kama mhalifu na kurudishwa kazini. Mwaka wa 1902 wakili mmoja wa Medan, J. van den Brand, alichapisha kijitabu kilichoitwa *De millioenen uit Deli*, yaani mamilioni yatokayo Deli, akieleza viboko na vifo mashambani. Serikali ikamtuma mwendesha mashtaka Rhemrev kuchunguza. Ripoti yake ya 1904 ilithibitisha mabaya mengi, nayo ikawekwa kabatini hadi mtafiti Jan Breman alipoitoa hadharani mwaka wa 1987. Msomaji wa Lubumbashi atakumbuka hapa *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville, historia iliyoandikwa na André Yav mwaka wa 1965 kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa Wazungu. Sisi tumebahatika: sauti ya waliotumikishwa tunayo katika lugha yao wenyewe. Kwa vibarua wa Deli, sehemu kubwa ya ushahidi ulioandikwa ni wa wakili na wa mwendesha mashtaka.

Pamoja na walioletwa, kulikuwa na waliokuja kwa hiari yao. Waminangkabau walitoka Sumatra magharibi. Kwao mali ya ukoo hupita kwa mama, na kijana wa kiume hutazamiwa aondoke nyumbani kwenda kutafuta maisha. Desturi hiyo inaitwa *merantau*, na ndiyo iliyojaza miji ya Indonesia migahawa ya Padang. Wabatak wa Toba walishuka kutoka ziwa lao la milimani kutafuta shule na kazi. Wamandailing, jamaa zao wa kusini ambao wengi wao ni Waislamu, walikuja kama makarani, walimu na wafanyabiashara. Waaceh walitoka kaskazini, na Wanias kutoka kisiwa chao cha magharibi.

Sensa ya mwaka 2000 ilionyesha matokeo ya safari hizo zote. Wajava walikuwa karibu theluthi moja ya mji, Wabatak karibu mtu mmoja kati ya watano, na Wachina karibu mmoja kati ya kumi. Wamalay, ambao sultani wao ndiye aliyekuwa mwenye nchi, hawakufika asilimia 7.

Anayetembea katikati ya mji anaweza kuusoma mchanganyiko huo katika majengo. Jumba la Maimun, la Sultani wa Deli, lilijengwa kati ya 1888 na 1891. Msikiti Mkuu wa Al-Mashun ulianza 1906 ukakamilika 1909. Hekalu la Kihindu la Sri Mariamman ni la 1884. Katika mtaa wa Kesawan kuna nyumba ya Tjong A Fie, Mchina wa kabila la Hakka aliyefika akiwa kijana maskini, akawa tajiri wa mashamba na mkuu wa Wachina wa mji, na akafariki mwaka wa 1921. Huyu aliyekuwa mfuasi wa dini ya Kichina alitoa fedha kusaidia ujenzi wa msikiti wa sultani. Na mwaka wa 2005 likafunguliwa kanisa la Katoliki la Maria wa Velangkanni, ambalo Watamil Wakristo walilijenga kwa umbo la Kihindi, kiasi kwamba mgeni hulidhani hekalu.

Mtaa wa hekalu la Sri Mariamman zamani uliitwa Kampung Keling. *Keling* ni jina la kale la Wahindi katika Kimalay, lakini lilipata uchungu wa tusi, na leo mtaa unaitwa Kampung Madras. Wajava nao waliitwa kwa majina yaliyokumbusha mkataba wa kibarua. Wakajitungia jina jipya kwa kuunganisha vipande vya maneno: *Pujakesuma*, yaani wana wa Java waliozaliwa Sumatra. Sikio la Kijava husikia humo neno *kusuma*, ua. Nani anampa nani jina, na nani anaweza kulikataa: swali hilo si la historia tu, ni la isimu pia.

4. Mafiga matatu

Katika urithi wote wa Medan, ninaouona una mafunzo makubwa kwetu ni ule wa Wabatak, kwa sababu umehamia mjini bila kuvunjika.

Kila Mbatak ana *marga*, jina la ukoo analolirithi kwa baba na analolitumia mwishoni mwa jina lake. Wakaro wana marga kuu tano: Ginting, Karo-karo, Perangin-angin, Sembiring na Tarigan. Watoba wana mamia. Watu wa marga moja ni ndugu, hata kama hawajawahi kuonana na hata kama mababu zao waliachana vizazi kumi vilivyopita. Kwa hiyo hawaoani.

Juu ya marga kuna mpango ambao Watoba wanauita *dalihan na tolu*. Maana yake ni mafiga matatu. Sisi tunasema figa moja haliinjiki chungu. Wao wamejenga sheria nzima ya jamii juu ya picha hiyo hiyo. Figa la kwanza ni *hula-hula*, ukoo uliokupa mke: hao huheshimiwa sana, na baraka hutoka kwao. Figa la pili ni *dongan tubu*, ndugu wa marga yako: hao hutendewa kwa uangalifu, maana ugomvi wa ndugu ni mwepesi. Figa la tatu ni *boru*, ukoo uliooa binti yenu: hao hubembelezwa, kwa sababu ndio watakaobeba kazi za sherehe yenu. Hakuna mtu aliye juu daima. Leo wewe ni hula-hula, umeketi unasubiri kupewa heshima. Wiki ijayo, katika arusi nyingine, wewe ni boru na unabeba sahani.

Arusini mpango huo unaonekana kwa macho. Hula-hula huwafunika maarusi kwa *ulos*, kitambaa kinachofumwa kwa mkono. Nyama ya mnyama aliyechinjwa hukatwa kwa kanuni, na kila upande hupokea kipande kinacholingana na nafasi yake. Akikosea mgawaji, sherehe inasimama mpaka kosa lirekebishwe. Kila upande una msemaji wake, anayejibizana na mwenzake kwa tungo fupi zenye vina zinazoitwa *umpasa*. Msomaji wa Kongo ambaye amekaa katika baraza la mahari, akamsikiliza msemaji wa familia akizunguka kwa methali kabla ya kutaja mbuzi, hahitaji kuelezwa zaidi.

Jambo la kiisimu liko hapa. Wabatak wawili wasiojuana wakikutana katika basi la Medan, swali la kwanza ni la marga. Kutoka hapo wanafuata nasaba: marga ya mama yako ni ipi, bibi yako alitoka wapi. Mazungumzo hayo yana jina, *martutur*, na mwisho wake ni uamuzi: nikuite nani? Pengine wewe ni *tulang* wangu, yaani mjomba, na nikuogope kidogo. Pengine ni *lae*, shemeji, na tutaniane. Pengine ni *ito*, dada au kaka. Mpaka jambo hilo lijulikane, mtu hana namna nzuri ya kumwita mwenzake. Likishajulikana, wageni wawili wana haki na wajibu kati yao. Na mazungumzo hayo yote siku hizi yanaweza kufanyika kwa Kiindonesia, huku maneno machache tu ya Kibatak, yale ya ujamaa, yakibaki mahali pake kama mafiga yenyewe.

Mpango huo una mlango pia kwa mtu wa nje. Kijana wa Toba akitaka kumwoa msichana wa Kijava kwa desturi kamili, msichana hupewa marga kwanza, mara nyingi marga ya mama wa bwana arusi. Kwa njia hiyo anakuwa kama binti wa mjomba, na binti wa mjomba ndiye mchumba ambaye desturi inampenda kuliko wote. Mgeni anaingizwa kupitia mlango unaoheshimika kuliko milango yote ya nyumba.

5. Lugha ya mji

Tarehe 28 Oktoba 1928, vijana wa visiwa vyote waliokutana Jakarta, wakati huo ikiitwa Batavia, waliapa kuitukuza lugha moja ya umoja. Hawakuchagua Kijava, ingawa kilikuwa na wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote. Walichagua Kimalay, lugha ya bandari na masoko, wakakiita Kiindonesia. Kwa sababu hakikuwa cha kabila kubwa, hakikumtisha mtu.

Mzungumzaji wa Kiswahili anapofungua kitabu cha Kiindonesia anakuta jamaa kila ukurasa. Wanasalimiana *apa kabar*, neno kwa neno "habari gani". Dunia ni *dunia*, wakati ni *waktu*, sababu ni *sebab*, hakimu ni *hakim*, maskini ni *miskin*. Hayo yalitoka kwa Waarabu. Meza ni *meja* na bendera ni *bendera*, na hayo wote wawili tuliyapata kwa Wareno. Lugha mbili zisizo na nasaba moja zimevaa nguo za duka moja, kwa sababu zote zilikaa kwenye bahari moja ya Hindi.

Lakini Kiindonesia cha Medan si kile cha vitabu vya Jakarta. Mjini Jakarta *pajak* ni kodi. Medan *pajak* ni soko. Soko la Jakarta ni *pasar*, lakini *pasar* ya Medan ni barabara kubwa. *Kereta* kwingine ni gari la moshi. Medan ni pikipiki. Na *motor*, ambayo kwingine ni pikipiki, kwa watu wa Medan ni gari. Wakitaka petroli wanakwenda *galon*. Mgeni wa Jakarta akiambiwa aache kereta nje ya pajak kabla ya kuvuka pasar, atadhani anaambiwa mambo ya reli na ya wizara ya fedha. Sisi tunaijua hali hiyo. Mwambie mtu wa Dar es Salaam kwamba umekuja chuoni na *kinga*. Yeye atafikiria chanjo, nawe unasema baiskeli.

Matamshi nayo yana historia. Kiindonesia kina irabu hafifu ya katikati ambayo Kibatak cha Toba hakina. Watoba wakaitamka kama *e* kamili, nzito na wazi, na sauti hiyo sasa inasikika hata kwa wasio Wabatak. Kwa hiyo mtu wa Medan anatambulika mara anapofungua mdomo. Badala ya *kalian*, ninyi, utasikia *kelen*. *Awak*, ambalo kwa Wamalay wa Malaysia ni wewe, kwa Medan ni mimi. Na neno *uda* linaweza kumchanganya hata mwenyeji: kwa Mminangkabau ni kaka mkubwa, kwa Mbatak ni baba mdogo. Inabidi umjue msemaji kabla ya kumjua anayesemwa.

Wachina wana lugha yao ya mji. Wengi wao walikuwa Wahokkien, lakini walikuwepo pia Wahakka, Wateochew na Wakanton, na wote hao walikuja kuelewana kwa Kihokkien cha Medan, kilicho ndugu wa karibu wa kile cha Penang, ng'ambo ya mlango wa bahari wa Malaka, na kilichojaa maneno ya Kimalay. Hivyo hata lugha tunayoiita ya kabila ilipikwa mjini.

6. Pale ambapo lugha moja haikutosha

Ningeweza kuishia hapo, na makala ingekuwa ya kupendeza kama kitabu cha watalii. Lakini Medan inatudai jambo lingine.

Mwezi wa Machi 1946, miezi michache baada ya uhuru kutangazwa, makundi ya wanamapinduzi katika Sumatra mashariki yaliwashambulia masultani na jamaa zao, waliohesabiwa kuwa washirika wa Waholanzi. Nyumba za kifalme ziliporwa, watu wengi waliuawa. Mmoja wao alikuwa Amir Hamzah, mwana wa ukoo wa kifalme wa Langkat, jirani ya Deli. Huyu alikuwa mshairi, na mwaka wa 1933 alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha jarida la *Pudjangga Baru*, ambamo Kiindonesia kipya kilijifunza kuandika mashairi. Waliomuua walisema lugha aliyosaidia kuijenga. Mwaka wa 1975 taifa hilohilo lilimtangaza shujaa.

Mwaka wa 1967 serikali ya Suharto ilipiga marufuku sherehe za dini na mila za Kichina zisionekane hadharani. Shule za Kichina zilikuwa tayari zimefungwa. Mwezi wa Mei 1998, fujo zilizoishia kumwangusha Suharto zilizuka Medan kabla ya kufika Jakarta, na maduka ya Wachina yalivunjwa na kuporwa. Amri ya 1967 ilifutwa na Rais Abdurrahman Wahid mwaka wa 2000, na tangu 2003 mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa. Kwa zaidi ya miaka 30 Kihokkien kiliishi nyumbani na nyuma ya kaunta za maduka, bila shule na bila gazeti, na hakikufa.

Waporaji na walioporwa wa 1998 walisema wote *pajak* na *kereta*. Ninalisema hili kwa sababu sisi wa Katanga tuna miaka yetu ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa hapa na waliosema *batu* na *njo* kama jirani zao, walifukuzwa na kurundikana katika vituo vya treni. Kiswahili chetu kilikuwa kimoja. Hakikumzuia mtu kumwambia jirani yake aende kwao. Kwa hiyo wale wanaotufundisha kwamba lugha moja huleta umoja, wanatufundisha nusu ya somo.

7. Kinachobaki na kinachopotea

Sasa turudi kwenye swali la mwanzo. Medan inajibu kwamba hoja ya mtihani ni ya haraka mno, lakini si ya uongo wote.

Ni ya haraka kwa sababu urithi unaweza kusafiri bila lugha nzima. Mtoto wa Toba aliyezaliwa mjini, ambaye Kibatak chake ni cha kubahatisha, bado anajua marga yake, anajua nani ni tulang wake, anajua binti yupi hawezi kumwoa na kipande gani cha nyama ni cha nani. Kilichobeba hayo ni utaratibu wa kukutana: arusi, msiba, kanisa. Kanisa la Kiprotestanti la Wabatak, HKBP, linalohesabu miaka yake tangu 1861, bado linaabudu kwa Kitoba hata katikati ya mji, na lile la Wakaro linatumia Kikaro. Huko mtoto husikia lugha angalau siku moja katika juma, pamoja na watu wanaomhusu. Hata *lapo tuak*, kibanda cha pombe ya mti wa aren ambako wanaume huimba na kubishana hadi usiku, kinafanya kazi ya shule.

Lakini hoja si ya uongo wote, kwa sababu kuna kitu kinachokatika. Kuyajua majina ya ujamaa ni jambo moja, na kuweza kusimama mbele ya hula-hula na kujibu umpasa kwa umpasa ni jambo lingine. Wamalay wana kazi kama hiyo katika *pantun*, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika mwaka wa 2020: upande wa bibi arusi huzuia mlango, na upande wa bwana arusi lazima ujibu kwa pantun ndipo upite. Kuwekwa katika orodha ni heshima, ila orodha haisimami mlangoni na kujibu. Lugha inapopungua, kinachoondoka kwanza ni ustadi wa kusema mbele za watu, na msemaji anabaki mzee mmoja kwa familia kumi.

Mwaka wa 1922 alizaliwa Medan, kwa wazazi wa Kiminangkabau, Chairil Anwar, ambaye mashairi yake yalibadilisha ushairi wa Indonesia kabla hajafariki mwaka wa 1949. Hakuandika kwa Kiminangkabau. Aliandika kwa Kiindonesia, na hakuna anayesema kwamba hakuwa na urithi. Mji unapunguza lugha na unazaa lugha. Mwanaisimu anayehesabu vifo tu amefanya nusu ya kazi.

8. Mapendekezo kwa kitivo chetu

Kutokana na Medan napendekeza mambo matatu.

La kwanza ni kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kisiingie katika kazi zetu za mwisho wa masomo kama orodha ya makosa. *Kinga*, *paka* na *njo* ni ushahidi wa nani alikutana na nani katika kambi za Union Minière, kama *pajak* na *pasar* zilivyo ushahidi wa Deli. Tuvikusanye kwa tarehe, kwa mtaa na kwa msemaji.

La pili ni kwamba tunapopima uhai wa lugha zetu, tusiulize tu "unasema lugha gani nyumbani". Tuulize pia: nani anasema kwa niaba ya familia yenu siku ya mahari, kwa lugha gani, na nani anajifunza kwake? Katika mitaa ya Kenya, Katuba na Kamalondo wazee hao wapo, na wanaitwa kutoka familia moja hadi nyingine. Mwanafunzi mwenye simu inayorekodi anaweza kuanza Jumamosi ijayo, kwa ruhusa ya wenye sherehe.

La tatu ndilo gumu zaidi. Kiswahili cha Lubumbashi kilitupa njia ya kuelewana na jirani. Hakikutupa peke yake njia ya kumfanya jirani awe shemeji. Wabatak wana neno la kumwita mgeni na desturi ya kumpa ukoo. Utani wa makabila tunao, na majina ya ukwe tunayo, ila hatujafanya utafiti wa kutosha kujua yanatumiwaje leo kati ya Mluba wa Kasai na Mluba wa Katanga, kati ya Mbemba na Mtetela, katika uwanja mmoja wa nyumba ya kupanga. Nani anamwita nani ndugu, kwa neno gani, na ni lini aliacha kumwita hivyo? Hilo ndilo swali ambalo mimi nimeamua kulifanyia kazi mwaka huu, na ningefurahi kama wenzangu wawili au watatu wangechukua mitaa ambayo mimi sitafika.